Madison Square Garden, New York: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni

Majibu haya ni ya mgeni anayekwenda New York na anajiuliza kama Garden inastahili jioni yake moja na dola zake. Kwa ufupi: inastahili, lakini nenda siku yenye mechi au tamasha. Ukumbi ukiwa mtupu hauna mengi ya kukuonyesha.

Garden ni nini hasa?

Ni ukumbi wa ndani wa michezo na muziki ulio katikati ya Manhattan, juu kabisa ya kituo cha treni cha Penn Station. Wenyewe hujitangaza kuwa ukumbi maarufu kuliko wote duniani. Kujisifu hakuna gharama, lakini sijawahi kusikia mtu akitaja mshindani akaaminika. Unaingiza watazamaji 19,812 kwenye mpira wa kikapu na 18,006 kwenye hoki ya barafuni. Si ukubwa wa kutisha, maana United Center ya Chicago ina viti vingi zaidi. Sifa za Garden zimetokana na yaliyotendeka ndani yake, pamoja na jiji ambalo wapiganaji, waimbaji na wanasiasa wote wanataka kuonekana wamelishinda.

Mbona inaitwa Madison Square Garden, ilhali haiko Madison Square wala haina bustani?

Kwa sababu majengo yalivunjwa na jina likahama. Garden ya leo ni ya nne.

Ya kwanza ilikuwa kweli pembeni mwa Madison Square, kona ya Madison Avenue na mtaa wa 26, mahali palipoachwa na kampuni ya reli. P. T. Barnum, yule bwana wa sarakasi, alipakodi 1874. Baada yake akaja kiongozi wa bendi, Patrick Gilmore, akapageuza bustani ya muziki, na hapo ndipo neno "Garden" lilipoingia. Mwaka 1879 tajiri wa reli, William Henry Vanderbilt, alipachukua mwenyewe na kupapa jina tunalolijua. Hapakuwa na paa. Kiangazi watu waliungua, kipupwe waliganda. Mashindano ya baiskeli ndiyo yaliyojaza viti. Ule mchezo wa baiskeli wa Olimpiki uitwao Madison, wa waendeshaji wawili wanaopokezana, umepata jina lake kutoka Garden.

Ya pili ilifunguliwa 1890 palepale, kazi ya msanifu Stanford White, na kwa uzuri haijapata mwenzake kati ya hizi nne. Ilikuwa na mnara ulioigwa kutoka Giralda, mnara wa kanisa kuu la Seville, Hispania, na kileleni sanamu ya mungu wa kike Diana, uchi, akivuta upinde na kugeuka kufuata upepo. Mchongaji wake, Augustus Saint-Gaudens, alitengeneza kwanza Diana mkubwa mno, ikabidi ateremshwe na kuwekwa mdogo zaidi. Usiku wa tarehe 25 Juni 1906, White akiwa ametulia kwenye ukumbi wa maonyesho uliokuwa juu ya paa la jengo lake mwenyewe, tajiri mmoja aitwaye Harry Thaw alimsogelea akampiga risasi akafa. Ugomvi ulikuwa juu ya mke wa Thaw, Evelyn Nesbit, ambaye White alikuwa na uhusiano naye zamani, alipokuwa msichana mdogo. Kesi ile iliuza magazeti ya nchi nzima. Jengo nalo halikuwa likilipa. Lilivunjwa kuanzia 1925 na kampuni ya bima ya New York Life ikajenga hapo makao yake yenye paa la dhahabu, ambayo bado yapo.

Ya tatu ilijengwa na promota wa ndondi, Tex Rickard, kwa siku 249 tu, ikafunguliwa mwishoni mwa 1925 huko Eighth Avenue, kati ya mtaa wa 49 na wa 50. Kufikia hapo Madison Square ilikuwa mbali, lakini Rickard alikuwa mfanyabiashara: jina lilikuwa limeshakuwa mali, akalibeba. Timu ya hoki aliyoianzisha 1926 watu waliiita kwa utani Rangers wa Tex, na Rangers imebaki hadi leo.

Ya nne, hii utakayoingia wewe, ilifunguliwa tarehe 11 Februari 1968.

Jengo lenyewe linavutia?

La. Heri nikuambie mapema ili usiende na matarajio ya kuona kitu kama Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma. Kwa nje ni pipa kubwa la zege lisilo na madoido, limebanwa na jengo refu la ofisi upande wa Seventh Avenue. Wapita njia wengi hupita mbele yake bila kuinua macho.

Na chuki ya wakazi wa New York kwa pipa hili ina sababu. Kabla yake hapo palisimama Penn Station ya 1910, kituo cha treni chenye nguzo za mawe na kumbi ndefu zilizoigwa kutoka mabafu ya Roma ya kale. Kilichorwa na ofisi ya McKim, Mead & White, ofisi ileile ya marehemu Stanford White. Kampuni ya reli ilikuwa inapoteza fedha. Ikauza haki ya kujenga juu ya ardhi yake, na kuanzia Oktoba 1963 kituo kikaanza kubomolewa. Njia za treni zilibaki chini, abiria wakasukumwa kwenye vyumba vya dari fupi, na Garden ikakaa juu yao. Mwanahistoria wa usanifu Vincent Scully aliandika kwamba zamani mtu aliingia jijini kama mungu, na sasa anapenyeza kama panya. Sentensi hiyo utaikuta katika kila mjadala wa jambo hili, na ukipita kwenye zile korido utaona kwa nini.

Hasara ile ilizaa jambo moja la maana: mwaka 1965 jiji lilipitisha sheria ya kulinda majengo ya kihistoria, na sheria hiyo ndiyo iliyokuja kukiokoa kituo cha Grand Central. Kwenye mlango wa Seventh Avenue angalia tai wawili wa mawe. Ni masalia ya kituo cha zamani. Watu huwaegemea wakisubiri marafiki.

Ndani ni habari nyingine. Ukumbi ni wa duara, na paa lenye upana wa zaidi ya mita 120 linaning'inia kwa kebo za chuma bila nguzo hata moja katikati, hivyo hakuna kiti kinachofichwa na nguzo. Dari inashuka kuelekea katikati badala ya kupanda, na kelele za watu zinarudi chini badala ya kupotea juu. Wachezaji huitaja sana hiyo dari. Taa nazo zimepangwa kimaonyesho: uwanja unang'aa, viti vinabaki gizani, kana kwamba mechi ni mchezo wa jukwaani.

Nani hucheza hapo, na msimu gani ni mzuri?

Wenyeji ni wawili: Knicks wa mpira wa kikapu na Rangers wa hoki ya barafuni. Misimu yote miwili huanza Oktoba na mechi za kawaida huisha Aprili. Timu zikifuzu mtoano, huendelea mpaka Mei au Juni. Kila timu hucheza karibu mechi 41 za nyumbani, kwa hiyo katika miezi hiyo ni nadra kukaa New York wiki nzima usipate jambo la kutazama. Machi kuna mashindano ya vyuo ya Big East, ambayo yamekuwa hapa kila mwaka tangu 1983, na kwa mtu anayependa kikapu bila mbwembwe za NBA, ligi ya kulipwa wanamocheza Knicks, hizo ni siku bora kabisa. Kiangazi ni muziki, ndondi na mieleka.

Ukilazimika kuchagua kati ya kikapu na hoki, nami nikiulizwa, nitakupeleka hoki. Wengi hawaichagui kwa kuwa hawajui kanuni zake, lakini kanuni utaziokota ndani ya dakika kumi, tiketi mara nyingi ni nafuu kuliko za Knicks, na mashabiki wa Rangers wanaimba. Watu wa Knicks nao wanapiga kelele, ila viti vya mbele vimejaa waigizaji na matajiri waliokuja kuonekana.

Tiketi zinapatikana wapi, na ni ghali kiasi gani?

Karibu zote ni za simu: unanunua mtandaoni, tiketi inakaa kwenye programu, mlangoni unaonyesha skrini. Muuzaji rasmi ni Ticketmaster. Zipo pia tovuti ambako wenye tiketi huziuza tena, na huko bei hupanda na kushuka kama hisa. Mechi ya Jumanne dhidi ya timu dhaifu, mwezi Januari, inaweza kushuka sana saa chache kabla ya kuanza. Mechi ya Krismasi au ya mtoano haishuki. Hiyo tenga mamia ya dola au iache.

Jambo la kuangalia ni ada. Hadi 2025 bei ya kwanza uliyoiona na ile ya mwisho zingeweza kutofautiana vya kutosha kukuharibia bajeti, kwa hiyo linganisha bei kamili tu, pamoja na ada zake.

Na wale vijana wanaokunong'oneza barabarani "tiketi, tiketi"? Waache. Mgeni ni kuku mweupe, na karatasi iliyochapishwa vizuri haimaanishi itapita mlangoni siku hizi ambapo tiketi ni za simu.

Nikae sehemu gani?

Namba ya kwanza ya sehemu ndiyo inayokuambia kimo. Sehemu za 100 ziko chini, za 200 ziko juu yake, na za 300 ziko kwenye madaraja mawili yanayoning'inia darini.

Madaraja hayo yaliongezwa kwenye ukarabati mkubwa wa 2011 hadi 2013, uliogharimu karibu dola bilioni moja na kufanywa kiangazi baada ya kiangazi ili timu zisihame. Kutoka darajani unaangalia uwanja karibu wima, na unaona mipango ya mchezo kuliko hata aliyekaa chini. Wengine huogopa kimo. Mimi naona ndiyo viti bora kwa bei yake, hasa kwa hoki. Tatizo ni la walio chini ya madaraja: safu za nyuma za sehemu za 200 hukatiwa mwonekano wa skrini kubwa ya katikati, na badala yake wamewekewa televisheni ndogo. Uwanja wenyewe wanauona vizuri. Kwa tamasha la muziki, epuka tiketi zilizoandikwa kuwa ziko nyuma ya jukwaa isipokuwa msanii amesema jukwaa lake litakuwa katikati.

Nifikeje?

Kwa treni, na usijaribu kingine. Treni za chini ya ardhi namba 1, 2 na 3 zinasimama Penn Station upande wa Seventh Avenue. A, C na E upande wa Eighth Avenue. Unalipa kwa kugusa kadi ya benki au simu kwenye geti. Treni za Long Island, za New Jersey na za Amtrak, kampuni ya treni za masafa marefu, zinasimama hapohapo chini. Garden haina maegesho yake ya magari, na gereji za jirani hupandisha bei usiku wa mechi bila aibu.

Ukitoka mkoani kwa Amtrak, utashukia upande wa Moynihan Train Hall, ng'ambo ya Eighth Avenue, ndani ya jengo la zamani la posta. Ulifunguliwa tarehe 1 Januari 2021 na una paa la kioo linaloingiza mwanga wa jua. Pitia hata kama huna safari. Ndipo jiji linapojaribu kulipa deni la 1963.

Mlangoni wanakagua nini?

Utapita kwenye kigunduzi cha chuma na begi litafunguliwa. Begi lazima litoshee chini ya kiti. Masanduku ya safari hayaingii na hakuna chumba cha kuyahifadhi, kwa hiyo usije moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege ukidhani utayaacha kwa mlinzi. Kamera kubwa za lenzi za kubadilisha huzuiwa kwenye matukio mengi. Simu haina shida. Chakula cha nje hakiruhusiwi.

Kuna jingine ambalo wageni wengi hawalijui: kamera za mlangoni hutambua nyuso. Mwaka 2022 suala hili lilizua kelele, baada ya kampuni inayomiliki ukumbi kuitumia teknolojia hiyo kuwazuia mawakili wa ofisi zilizokuwa zikiishtaki, hata waliokuwa hawahusiki na kesi zenyewe. Kama wewe si wakili wa ofisi inayoishtaki Garden, utapita kama wengine, lakini ni vizuri ujue kuwa uso wako umesomwa.

Mechi inaanza saa ngapi na inaisha saa ngapi?

Nyingi huanza saa moja au saa moja na nusu usiku, ambayo kwenye tiketi itaandikwa 7:00 au 7:30 PM. Kikapu na hoki huchukua takriban saa mbili na nusu. Ukipanga treni ya kurudi, usiiweke kabla ya saa nne na nusu usiku, maana watu elfu kumi na tisa wanateremka kwenye ngazi zilezile kwa wakati mmoja.

Naweza kuingia bila mechi, kutembezwa tu?

Unaweza. Kuna ziara ya kuongozwa yenye kiingilio chake, na hupitishwa vyumba vya wachezaji, ukingo wa uwanja na maonyesho ya kumbukumbu. Inafaa kwa shabiki wa damu anayetaka kuvuta harufu ya chumba cha Knicks. Kwa asiye shabiki, naona fedha hiyo uiongezee kwenye tiketi ya mechi ya bei rahisi. Na ratiba ya ziara hukatwa ovyo siku za matukio, hivyo unaweza kunyimwa kuona chumba ulichokijia.

Inakuwaje barafu leo na mbao kesho?

Barafu haiondoki. Msimu mzima inakaa palepale, inafunikwa kwa vibao vya kuzuia joto, na juu yake hupangwa vipande vya sakafu ya mbao vinavyofungamana. Mafundi hufanya kazi hiyo usiku, na kuna siku kikapu kinachezwa mchana na hoki usiku uleule. Uwanja wenyewe uko kwenye ghorofa ya tano kutoka barabarani, si chini. Ndiyo maana enzi za sarakasi tembo walilazimika kupandishwa kwa mteremko wa ndani.

Ni matukio gani yaliyoijenga sifa yake?

Ukitaka moja tu, ni tarehe 8 Machi 1971: Muhammad Ali na Joe Frazier. Wote wawili hawakuwa wamepoteza pambano la kulipwa, wote wawili walikuwa na dai la ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ali alikuwa amenyang'anywa mkanda 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Kwa hiyo haikuwa ndondi tupu. Waliopinga vita walikuwa na Ali. Wengi walioichukia sauti yake walijiegemeza kwa Frazier, ingawa Frazier mwenyewe, mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, hakuomba kubebeshwa mzigo huo, na matusi ya Ali aliyabeba moyoni kwa miaka mingi baadaye.

Kila mmoja alihakikishiwa dola milioni 2.5, malipo ambayo bondia hakuwahi kuyasikia kabla. Watu walikuwa wengi hata Frank Sinatra akaingia ukingoni mwa ulingo kama mpiga picha wa jarida la Life. Raundi za mwanzo Ali alizichezea kwa ngumi za haraka na maneno. Frazier akawa anasogea tu, kichwa chini, akila mbili ili atoe moja ya tumboni. Raundi ya 15 ngumi ya kushoto ya Frazier ilimpata Ali kwenye taya na kumlaza chali. Ali aliinuka karibu papo hapo, jambo ambalo hata waliomchukia walilisifu, lakini mwamuzi na majaji wote wawili walimpa Frazier ushindi.

Mengine nitayataja kwa haraka. Tarehe 8 Mei 1970, Willis Reed wa Knicks alitoka chumbani akichechemea kwa msuli uliochanika, akafunga vikapu viwili vya kwanza, na timu yake ikatwaa ubingwa. Tarehe 14 Juni 1994 Rangers walimaliza ukame wa miaka 54 bila kombe la Stanley, ubingwa wa ligi ya hoki. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison na Ravi Shankar waliandaa hapa tamasha la kuwachangia wakimbizi wa Bangladesh, na matamasha ya hisani ya wasanii wengi yaliyofuata duniani yalijifunza kwao. Mwimbaji Billy Joel alipiga hapa mara moja kwa mwezi kuanzia Januari 2014, akasimama tu wakati wa janga la korona, hadi Julai 2024 alipofunga na onyesho lake la 150 ukumbini.

Siasa nazo zimepita. Mwaka 1924, katika Garden ya pili, chama cha Democratic kilipiga kura mara 103 ndipo kikapata mgombea wa urais, naye akashindwa uchaguzi. Na lipo doa: tarehe 20 Februari 1939, katika Garden ya tatu, watu zaidi ya 20,000 walihudhuria mkutano wa Wamarekani waliomuunga mkono Hitler, wakiwa na picha kubwa ya George Washington jukwaani. Nje polisi waliwazuia maelfu waliokuja kupinga. Waongozaji wa ziara hawalitaji sana.

Kuna Waafrika walioweka alama hapo?

Wapo, na swali hili huulizwa kidogo kuliko linavyostahili.

Tarehe 19 Mei 1962 Rais John F. Kennedy alifanyiwa sherehe ya siku ya kuzaliwa katika Garden ya tatu. Ulimwengu unakumbuka Marilyn Monroe na gauni lake. Jioni ileile, jukwaa lilelile, aliimba Miriam Makeba, Mwafrika Kusini ambaye serikali ya kwao ilikuwa imemzuia asirudi nyumbani.

Kwa wapenzi wa riadha: kuanzia 1914 hadi 2011 Garden ilikuwa nyumba ya Millrose Games, mashindano ya mbio za ndani yenye maili maarufu ya Wanamaker. Eamonn Coghlan wa Ireland aliishinda mara saba, na watu wakadhani hakuna atakayemfikia. Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya aliyeanza kukimbia na bendera ya Kenya kabla ya kuichukua ya Marekani, alimfikia kisha akampita kwa ushindi wa nane, mwaka 2010. Mbio hizo sasa zimehamia ukumbi wa Armory, kaskazini mwa Manhattan, wenye njia nzuri zaidi. Wakati wa Garden njia ya mbao ilikuwa fupi, kona zimeinuka, na watazamaji walikuwa karibu kiasi cha kusikia viatu.

Kwenye muziki, Burna Boy alikuwa Mnigeria wa kwanza kuwa msanii mkuu wa usiku mzima hapo, tarehe 28 Aprili 2022. Wizkid akafuata Novemba mwaka huohuo. Sasa si ajabu tena kukuta tangazo la msanii wa Lagos kwenye skrini za Seventh Avenue.

Nini kiko karibu, nikifika mapema?

Empire State Building ni mwendo wa dakika kama kumi kwa mguu, duka la Macy's ni mtaa unaofuata, na Times Square ni robo saa ukielekea kaskazini. Kula usile ukumbini, bei zake hazina huruma. Nenda mtaa wa 32 kati ya Fifth Avenue na Broadway, kwa Wakorea, utakula ukashiba na utawahi mechi. Mwanzo wa High Line, ile njia ya reli ya juu iliyogeuzwa kuwa matembezi ya bustani, uko mtaa wa 34 upande wa magharibi.

Mwenye kupenda historia ateremke hadi Madison Square Park, mtaa wa 23 hadi 26. Atapumzika chini ya miti na kuliona lile paa la dhahabu la New York Life lililosimama mahali pa Garden mbili za mwanzo. Diana mwenyewe yuko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Philadelphia tangu miaka ya 1930, lakini Metropolitan Museum ya New York ina umbo lake dogo la shaba iliyopakwa dhahabu.

Si heri niende Barclays Center ya Brooklyn?

Ni mpya zaidi, imefunguliwa 2012, na tiketi za Nets, timu ya kikapu ya huko, kwa kawaida ni nafuu kuliko za Knicks. Kwa kikapu cha wanawake ni lazima uende huko, maana New York Liberty, waliokuwa wapangaji wa Garden, sasa wapo Barclays. Kama unataka mechi tu, nenda. Kama umesafiri nusu ya dunia na una jioni moja, nenda Garden.

Ni kweli kwamba Garden itahamishwa?

Inasemwa kila miaka michache. Garden inamiliki jengo lake, lakini inahitaji kibali maalumu cha jiji kuendesha ukumbi wa ukubwa huo mahali hapo. Kibali cha miaka 50 kilipoisha, jiji mwaka 2013 lilitoa cha miaka 10 tu, likitumaini ukumbi utatafutiwa kiwanja kingine na Penn Station ipate kupumua. Miaka 10 ikapita, ukumbi haujasogea hata inchi. Septemba 2023 baraza la jiji likatoa kibali kingine, safari hii cha miaka mitano, kifupi kuliko vyote vilivyowahi kutolewa. Kwa hiyo suala litarudi mezani 2028. Wanaotaka ihame wanasema kituo kinachopitisha abiria wengi kuliko chochote Marekani hakiwezi kukarabatiwa vizuri kikiwa na ukumbi kichwani. Wenye ukumbi wanajibu kwamba wametumia bilioni moja kuukarabati, na kwamba hakuna pengine ambapo treni nyingi hivyo zinafika mlangoni. Wote wana hoja. Nisingeahirisha safari kwa hofu ya kuikosa, wala nisingeshangaa kusikia ya tano inajengwa, mbali zaidi na Madison Square, kwa jina lilelile.